Presha ya Wazee Wetu: Historia ya Shaka Mbili

Kwetu Nyakiyumbu, karibu na Bwera kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, mzee akipooza upande mmoja, wapo wanaosema amerogwa. Wengine husema presha ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Ni rahisi kuwacheka. Lakini wazo hilo la pili liliwahi kuwa fundisho la madaktari wenyewe. Katika insha hii nitaonyesha kwamba mzee wa kijijini amebebeshwa shaka mbili: ya kuwa Mwafrika na ya kuwa mzee.

Nianze na ya kwanza. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini nchini Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima presha Waafrika 1,000. Alieleza kwamba baada ya miaka 40 presha yao ilishuka, badala ya kuendelea kupanda kama ya Wazungu. Tena, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake, hakuna aliyegunduliwa kuwa na presha ya juu. Mwanafunzi wa historia lazima aulize: umri ulijulikanaje mahali pasipo na daftari la vizazi? Na mzee aliyepooza nyumbani akafia huko, nani alimhesabu? Hospitali huhesabu waliofika tu.

Hata hivyo, sisemi kwamba Donnison alikosea yote. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Waluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Presha zao zilipanda ndani ya miezi michache, na chumvi waliyokula iliongezeka, na uzito pia. Basi tofauti haikuwa katika damu ya Mwafrika, bali katika maisha yake.

Jambo hilo linatugusa sisi wa Kasese. Chumvi ya Ziwa Katwe ilikuwa mali ya kugombaniwa. Bunyoro iliitaka, na mwaka 1891 Lugard alijenga ngome huko akaiita Fort George. Leo chumvi inauzwa katika kila kiduka. Kilichopiganiwa na wafalme sasa kimo katika kila chungu.

Shaka ya pili ilihusu uzee. Kwa muda mrefu madaktari wengi waliona kwamba presha ya mtu wa miaka 80 ni jambo la kawaida, na kwamba kuishusha kungeweza kumdhuru. Mwaka 2008 utafiti uitwao HYVET, uliohusisha wagonjwa 3,845 wenye miaka 80 na zaidi, ulijibu hoja hiyo. Waliopewa dawa walikufa wachache kwa 21% kuliko wenzao, na moyo kushindwa kufanya kazi kulipungua sana. Lakini wagonjwa hao walitoka Ulaya, China na Australia, na Afrika iliwakilishwa na Tunisia peke yake.

Mwaka 2014 Uganda ilifanya uchunguzi wa kitaifa. Karibu robo ya watu wazima walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakujua. Fundisho la kale likaanguka. Lakini waliopimwa walikuwa wa miaka 18 hadi 69. Mzee wa miaka 75 hakuhesabiwa tena, kama yule wa mwaka 1929.

Kwa hiyo naona tiba ya mzee inaanza na kuhesabiwa. Kila anapofika kituo cha afya, hata kwa kikohozi, apimwe presha: kwanza akiwa ameketi, kisha akisimama, maana presha ya mzee huweza kushuka ghafla akiinuka, akaanguka. Apunguze chumvi. Dawa ameze kila siku, hata akijisikia mzima, kwa sababu presha haiumi mpaka imeshaharibu. Na vipimo viandikwe katika daftari lake, pamoja na tarehe. Mwanahistoria wa kesho atakayetafuta wazee wa Nyakiyumbu atawakuta humo.