Vita vya Dhana, na Mkono Ulio Nyuma ya Pazia

Miongoni mwa istilahi ambazo magazeti yetu yamezipokea kutoka lugha za Ulaya bila ya kuzisaili hata kidogo, mbili aghlabu hufuatana, nazo ni "vita vya kisaikolojia" na "operesheni ya siri". Na kwa kuwa sisi watu wa Sandoa, na nchi nzima ya Lualaba mpaka Kolwezi, tumepitiwa na mambo hayo mawili zaidi ya mara moja, tena pengine bila ya kujua yakiitwaje na hao waliotufanyia, si vibaya kuyapima maneno yenyewe tukaona kama yanalingana na maana.

Naanza na la pili, maana ndilo lenye kupotosha zaidi. Mswahili akisikia "siri" hufahamu jambo lisilojulikana na watu. Lakini waraka namba 10/2 wa Baraza la Usalama la Taifa la Marekani, wa tarehe 18 Juni 1948, uliolipa shirika la CIA, ambalo lilikuwa halijatimiza hata mwaka mmoja, ruhusa ya kueneza propaganda, kufanya hujuma na kuchochea maasi katika nchi za watu, haukutaka matendo hayo yasionekane. Ulitaka yapangwe kwa namna ambayo asiyehusika hataona dalili ya serikali ya Marekani ndani yake, na yakigunduliwa, serikali hiyo iweze kuyakana na kukana kwake kukubalike. Kinachofichwa, basi, ni mtendaji, wala si tendo. Jasusi anayenakili hati usiku na kuirudisha kabatini kabla ya alfajiri, huyo ana siri kamili. Ama yule anayemlipa mhariri achapishe habari isomwe na mji mzima, yeye hana haja ya kuficha habari, anaficha mkoba uliolipa. Mambo mawili haya tumeyaita kwa jina moja, na ndiyo maana mazungumzo yetu juu yake huwa na utusitusi. Kwa la kwanza neno "siri" latosha. Kwa la pili napendekeza "amali ya nyuma ya pazia", kwani anayekaa mbele ya pazia huona mchezo wote asimwone anayeuendesha.

Mfano ulio karibu nasi hauhitaji kutafutwa Ulaya. Usiku wa tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, aliyekuwa waziri mkuu wa Kongo, na wenziwe Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi porini, si mbali na Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na maafisa wa Kibelgiji walikuwapo pamoja na wakubwa wa dola ya Katanga iliyojitenga. Wala raia hawakuambiwa neno. Zikapita wiki tatu na zaidi. Tarehe 10 Februari ikatangazwa kwamba watatu hao, waliokuwa mahabusu, wametoroka, waandishi wa habari wakaonyeshwa nyumba ya shambani yenye tundu ukutani, na zawadi ya fedha ikaahidiwa. Kisha tarehe 13, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri wa Bunkeya, akawakusanya waandishi akawaarifu kwamba amejiwa na Mkatanga mmoja wa upande wa Kolwezi, aliyemletea habari ya kuwa watoro wale wameuawa na wenyeji wa kijiji kidogo, na kwamba kijiji chenyewe hatakitaja, asije mtu akawalipiza kisasi watu wake, ila zawadi yao wataipata.

Atazame msomaji jinsi habari hiyo ilivyosukwa. Kijiji kisichotajwa hakiwezi kuulizwa, na wanakijiji wasio na majina hawawezi kukanusha. Damu ikahamishwa kutoka mikononi mwa dola ikapakwa watu wa kwetu, wakulima wa mihogo ambao labda hata redio hawakuwa nayo ya kusikia kwamba wameua. Na Munongo, alipojua kwamba atatuhumiwa, hakuomba asadikiwe: aliwataka wanaomtuhumu walete ushahidi. Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na ule waraka wa 1948. Kukana hakuhitaji kusadikiwa. Kwatosha kusiwepo wa kukubomoa. Ni mwaka 2001, miaka 40 baadaye, ndipo tume ya Bunge la Ubelgiji ilipokiri kwamba baadhi ya mawaziri wa nchi yao wa wakati ule walikuwa na jukumu la kimaadili katika kifo hicho.

Wamarekani nao hawakuwa mbali. Kamati ya Seneti yao iliyoongozwa na Frank Church ilieleza mwaka 1975 jinsi sumu ilivyopelekwa Léopoldville mwezi wa Septemba 1960 kwa Larry Devlin, mkuu wa CIA katika mji huo, ili imuue Lumumba, ingawa sumu hiyo haikutumika. Nyaraka zilizotolewa na serikali yao mwaka 2013 zinaonyesha kwamba kati ya 1960 na 1968 shirika hilo lilitumia zaidi ya dola milioni 11 katika Kongo, na sehemu ya fedha hizo ilikwenda katika propaganda na katika mifuko ya wanasiasa.

Sasa "vita vya kisaikolojia". Neno hili lina kosa la kutupeleka hospitalini, kana kwamba adui ametumiwa daktari wa wendawazimu. Wajuzi wa Kiarabu wangetaka tuseme "vita vya nafsi", kama Waarabu wasemavyo. Lakini Mwislamu wa Pwani akilisikia hilo atafahamu jihadi ya nafsi, yaani mtu kupigana na matamanio yake mwenyewe, jambo la thawabu, na hatutaki kumpa Devlin thawabu. Katika Kiswahili chetu cha Katanga uongo huitwa "bongo" (na mgeni wa Pwani akiambiwa fulani anasema bongo hudhani tunazisifu akili zake), ila "vita vya bongo" pia haifai, kwa sababu silaha hii haitumii uongo peke yake: kweli iliyosemwa saa mbaya, au nusu ya kweli, hufanya kazi ile ile. Waingereza, wakati wa vita na Hitler, walipendelea "vita vya siasa". Mimi naona "vita vya dhana", kwa maana ya zamani ya neno hilo, ile tunayoikusudia tuonyapo mtu asimwekee mwenziwe dhana mbaya. Kwani kinachopigwa ni yale ambayo watu wanawadhania wengine.

John Stockwell, aliyelelewa Kasai na wazazi wamisionari na kisha akaongoza kikosi cha CIA cha vita vya Angola mwaka 1975, ameeleza jambo hili wazi kuliko wote. Anasema theluthi ya watu wake ilikuwa ni ya propaganda. Mmoja wao, aliyekaa Lusaka, alibuni kisa cha askari wa Kuba walionajisi wasichana. Siku chache baadaye akabuni kwamba wamekamatwa, kisha kwamba wameshitakiwa, mpaka pakapatikana picha ya wanawake wakiwapiga risasi, na magazeti ya ng'ambo yakaichapa. Habari hiyo haikumlenga Mkuba aliyekuwa vitani; ilimlenga msomaji wa mbali asiyejua Angola iko wapi, ili adhani.

Na sisi tuliingia katika hesabu hiyo baada ya miaka miwili. Tarehe 8 Machi 1977 watu wa kundi la waasi la FLNC la Nathanaël Mbumba, wengi wao jandarma wa zamani wa Tshombe, aliyekuwa rais wa Katanga ile iliyojitenga, na vijana wa Kilunda waliokulia uhamishoni, walivuka mpaka kutoka Angola wakaingia katika nchi ya Dilolo, Kapanga na Sandoa. Rais Mobutu akaipigia dunia kelele kwamba ni Warusi na Wakuba. Huku kwetu, ambako wengine waliwatambua wageni kuwa ni ami na shemeji zao, maneno hayo hayakuwa na wa kuyanunua. Lakini hayakutangazwa ili yanunuliwe Sandoa. Yalikwenda Paris, Washington na Rabat, na mwezi wa Aprili Moroko ilituma askari 1,500, wakibebwa na ndege za Wafaransa. Hivyo vilikuwa vita vya dhana hasa, ila si amali ya nyuma ya pazia, kwa kuwa Mobutu alisema kwa kinywa chake mwenyewe na kofia yake ya chui kichwani.