Nani Mwenye Kifaa? Historia ya Usimikaji wa Mifumo ya Jamii ya Unix katika Ruta Ndogo

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya usimikaji wa mifumo endeshi ya jamii ya Unix katika ruta ndogo, hususani katika muongo wa kwanza wa karne ya 21. Inalinganisha njia mbili zilizopitiwa: vibao vya Soekris, ambavyo mtengenezaji aliviacha wazi kwa makusudi, na ruta ya Linksys WRT54G, ambayo ilifunguka kwa nguvu ya leseni. Hoja kuu ni kwamba mnunuzi huwa na mamlaka kamili juu ya kifaa chake pale tu anapoweza kubadilisha programu inayokiendesha. Uwezo huo hutegemea mambo matatu, ambayo ni maelezo ya kiufundi, leseni na ukubwa wa kumbukumbu. Likipungua moja, mengine mawili huyumba.

1. Utangulizi

Ruta ni kifaa kinachopokea vifurushi vya data kutoka mtandao mmoja na kuvielekeza katika mtandao mwingine. Watumiaji wengi hukiona kama kisanduku chenye taa chache na antena. Hata hivyo, ndani ya kisanduku hicho mna kompyuta kamili, yenye kichakataji, kumbukumbu na mfumo endeshi wake. Swali la kihistoria linalotushughulisha hapa ni hili: nani anaamua mfumo upi ukae humo?

Ili kulijibu, inafaa kwanza kurejelea chimbuko la mifumo yenyewe. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 kiini chake kiliandikwa upya kwa lugha ya C, jambo lililoiwezesha kuhama kutoka mashine ya aina moja hadi nyingine bila kuandikwa tena yote. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilichipuka tawi la BSD, ambalo baadaye lilizaa FreeBSD na OpenBSD. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haikurithi msimbo wa Unix. Ilifuata mwenendo wake tu.

Matawi haya yalitofautiana pia kwa leseni. Leseni ya BSD humruhusu mtu kuuchukua msimbo, kuurekebisha na kuyafanya marekebisho yake kuwa siri. Leseni ya GPL, inayoilinda Linux, humtaka kila anayesambaza programu awape wapokeaji msimbo chanzo kwa masharti yaleyale. Tofauti hii ilionekana kuwa ya wanasheria, lakini kama tutakavyoona, ndiyo iliyoamua hatima ya mamilioni ya vifaa.

2. Mlango ulioachwa wazi: vibao vya Soekris

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Soekris Engineering ya California, iliyoanzishwa na Søren Kristensen, iliuza kibao kilichoitwa net4501. Kilitumia kichakataji cha AMD Elan SC520 chenye kasi ya megahezi 133, kumbukumbu isiyozidi megabaiti 64, matundu matatu ya Ethaneti, na nafasi ya kadi ya CompactFlash badala ya diski. Hakikuwa na feni, wala sehemu ya kuunganishia skrini. Kwa kuwa kichakataji hicho kilikuwa cha ukoo wa 486, mifumo ya Unix iliyokwisha kuandikwa kwa ajili ya kompyuta za kawaida iliweza kufanya kazi humo bila kutafsiriwa kwa mashine mpya.

Usimikaji wake ulikuwa na taratibu zake. Fundi aliunganisha kibao na kompyuta nyingine kwa waya wa serieli, kisha akasoma ujumbe wa kibao katika dirisha la maandishi. Hapo wengi walikwama mapema. Programu ya kuanzisha ya Soekris ilizungumza kwa kasi ya biti 19,200 kwa sekunde, ilhali mifumo ya BSD kwa kawaida ilitumia 9,600. Fundi aliona ujumbe wa mwanzo vizuri, halafu mfumo ulipoanza akaona herufi zisizosomeka na kudhani kibao kimeharibika. Tiba ilikuwa kuzioanisha kasi hizo mbili.

Baada ya hapo zilikuwapo njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuandika mfumo mzima juu ya kadi kwa kutumia kompyuta nyingine, kisha kuichomeka kadi katika kibao. Ya pili ilikuwa kukiacha kibao kiombe anwani kutoka kwa seva kupitia waya wa mtandao, kivute programu ya kuanzisha, kisha kiendelee na usimikaji. Kwa vyovyote vile, fundi alipaswa kukumbuka kwamba kadi za aina hii huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Kwa sababu hiyo, sehemu kuu ya mfumo iliwekwa katika hali ya kusomwa tu, na kumbukumbu za matukio zikahifadhiwa katika kumbukumbu ya muda.

Katika mazingira hayo ndipo Manuel Kasper alipobuni m0n0wall, mfumo mdogo wa ukuta wa moto uliojengwa juu ya FreeBSD. Toleo lake la 1.0 lilitoka Februari 2004. Mipangilio yote ilikaa katika faili moja, na mtumiaji aliisimamia kupitia kivinjari. Mwaka huohuo mradi wa pfSense ulichipuka kutokana nao. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna aliyelazimika kuvunja chochote. Mtengenezaji aliuza kibao kitupu, akatoa maelezo yake, na kumwachia mnunuzi uamuzi.

3. Mlango uliofunguliwa na leseni: WRT54G

Hali ilikuwa tofauti kwa ruta zilizouzwa madukani kwa ajili ya nyumba na ofisi ndogo. Linksys WRT54G, iliyotoka Desemba 2002, iliuzwa ikiwa na programu yake ndani, na mnunuzi hakutarajiwa kuigusa. Machi 2003 kampuni ya Cisco ilitangaza kuinunua Linksys. Miezi michache baadaye, Juni 2003, Andrew Miklas aliwaeleza hadharani wasanidi wa Linux kwamba programu ya ruta hiyo ilikuwa na Linux na programu nyingine zenye leseni ya GPL, ilhali msimbo chanzo haukuwa umetolewa. Shinikizo lilifuata, na mwaka huohuo msimbo ukatolewa.

Januari 2004 ulianza mradi wa OpenWrt, ukitumia msimbo huo. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu ya ufinyu wa nafasi. Matoleo ya kawaida ya ruta hiyo yalikuwa na megabaiti 16 za kumbukumbu ya muda na megabaiti 4 tu za kumbukumbu ya kudumu. Kwa hiyo ilibidi kutumia BusyBox, programu moja inayokusanya amri nyingi za Unix, pamoja na maktaba ndogo ya C iitwayo uClibc. Usimikaji nao ulihitaji wepesi wa mkono. Ruta ilipowashwa, programu yake ya kuanzisha iliweza kusubiri sekunde chache tu ili kupokea mfumo mpya kwa waya wa mtandao. Aliyechelewa alizima na kuanza upya.

Hata hivyo, uwazi huo haukuwa kamili. Kiendeshi cha redio ya ruta, kilichotoka kampuni ya Broadcom, kilitolewa bila msimbo chanzo, na kikawafunga wasanidi kwenye toleo la zamani la kiini cha Linux. Leseni ilikuwa imefungua nyumba, lakini chumba kimoja kilibaki na kufuli. Pamoja na kasoro hiyo, matunda yalionekana. Wanajamii wa Freifunk mjini Berlin, kwa mfano, walijenga juu ya OpenWrt mfumo wao wa kuunganisha ruta za nyumba mbalimbali kuwa mtandao mmoja wa jamii.

4. Nafasi kama kufuli

Mwaka 2005 lilitokea jambo lenye funzo. Toleo la tano la WRT54G liliachana na Linux na kutumia VxWorks, mfumo usiokuwa huria. Kumbukumbu zake zote mbili zilipunguzwa kwa nusu, zikawa megabaiti 8 na megabaiti 2. Hakuna leseni iliyovunjwa, lakini mlango ulizibwa: mfumo uliokuwa umejengwa na watu wa kujitolea haukuenea tena ndani. Kampuni iliendelea kuuza toleo la Linux kwa jina la WRT54GL. Hivyo uwezo wa kubadilisha mfumo, uliokuwa tabia ya kifaa cha kawaida, ukawa bidhaa ya pembeni kwa wanaoijua.

Upande wa sheria, mvutano uliendelea. Desemba 2008, taasisi ya Free Software Foundation iliishtaki Cisco mahakamani New York kuhusu utekelezaji wa leseni katika bidhaa za Linksys. Mei 2009 pande mbili zilipatana, na Cisco ikakubali kumteua ofisa wa kusimamia utekelezaji wa leseni hizo.

5. Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba kununua kifaa na kukitawala ni mambo mawili. Soekris ilitoa maelezo na nafasi, na mnunuzi akachagua mfumo. Linksys ilibanwa na leseni, na umma ukapata msimbo. Kisha kupungua kwa kumbukumbu kukapunguza thamani ya haki ile bila kuifuta. Haki ya kubadilisha programu, kwa hiyo, haina budi kutazamwa pamoja na kifaa chenyewe.

Kwetu sisi wanataaluma wa Kiswahili, jambo hili si geni. Ni leseni huria zilizoruhusu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kushiriki katika kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, bila kusubiri kampuni ione faida katika lugha yetu. Anayeruhusiwa kusoma na kubadilisha programu anaruhusiwa pia kuitafsiri. Taasisi zetu zinaponunua ruta kwa mamia, zinafaa kuuliza bei na kasi, na pia kuuliza kama mfumo uliomo unaweza kubadilishwa, na kwa lugha ya nani.