Mlango Ulioua Watoto 183

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakurudisha nyuma hadi tarehe 16 Juni 1883, katika mji wa Sunderland, Uingereza. Siku hiyo watoto walifurika ukumbi wa Victoria Hall kutazama mazingaombwe. Mwishoni zikaanza kugawiwa zawadi kwa waliokaa chini. Wale wa orofa ya juu, zaidi ya elfu moja, wakateremka ngazi mbio wasije wakakosa. Mwisho wa ngazi palikuwa na mlango unaofungukia ndani, nao ulikuwa umetiwa komeo, ukabakiza upenyo wa kupita mtoto mmoja tu. Wa mbele wakakwama. Wa nyuma, kwa kutojua, wakazidi kusukuma. Walikufa watoto 183.

Hapakuwa na moto wala tetemeko. Wengine husema umati ndio unaoua. Mimi nasema uliua mlango. Baada ya msiba ule Uingereza ilianza kudai milango ya dharura ifungukie nje, na mwaka 1892 Robert Alexander Briggs akapata hataza ya komeo linalofunguka kwa kusukumwa tu.

Hata hivyo, kwa miaka mingi wajenzi waliendelea kujifunza kwa kuhesabu maiti. Njia nyingine ikapatikana kwenye kompyuta. Mwaka 2000 Dirk Helbing, Illés Farkas na Tamás Vicsek walieleza katika jarida la Nature jinsi ya kuigiza umati. Kila mtu ni nukta yenye mwendo wake, inayokwepa kuta na wenzake, na ikibanwa husuguana nao. Unachora chumba, unaweka mlango, kisha unaziachia nukta. Wataalamu hao waliona kwamba watu wakitaka kutoka kwa kasi mno hubanana mlangoni, na chumba huchelewa kuwa kitupu. Haraka haraka haina baraka! Hivyo mchoraji anaweza kuupanua mlango angali karatasini, kabla hajafa mtu.

Lakini kompyuta haifungui kufuli. Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, bweni lilichomwa usiku wakafa wanafunzi 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Hilo halikuhitaji mtaalamu.

Basi, ndugu yangu, uingiapo ukumbini, au umpelekapo mwanao bwenini, usione haya kuuliza: mlango wa pili uko wapi, na ufunguo anao nani?