Malazi ya aina yake Katavi na Mahale

Wadau, hapa kwetu Kasekese ukitaja hoteli ya kitalii watu wanawaza ghorofa na vioo. Mi nilikuwa hivyo hivyo. Kumbe wageni wanalipa madola kulala kwenye vitu tunavyovijua!

GREYSTOKE: ipo Hifadhi ya Mahale (ilianzishwa 1985), ufukweni Tanganyika. Mabanda yamejengwa kwa mbao za majahazi ya zamani. Barabara hakuna, unafika kwa boti.

CHADA: mahema ndani ya Hifadhi ya Katavi. Kiangazi viboko wanabanana kwenye madimbwi ya mto Katuma.

SITALIKE: wenye mfuko mwepesi, TANAPA wana mabanda hapa. Katuma ni ule ule, viboko wapo!

Jamani, chombo kikizeeka sisi tunaona kuni, wenzetu wanaona hoteli. Mnasemaje?