Regeksi na Mipaka ya Intaneti

Intaneti ni maelfu ya mitandao inayojitegemea, kila mmoja ukitambulika kwa nambari yake. Barani Afrika nambari hizo hutolewa na AFRINIC, sajili iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. Mtandao mmoja unapoutangazia mwingine kwamba unaijua njia ya kufikia anwani fulani, tangazo hilo hubeba orodha ya nambari za mitandao yote liliyopitia. Orodha hiyo inaweza kusomwa kama matini ya kawaida, na matini huweza kupimwa kwa ruwaza. Ruwaza zinazotumika kwa kazi hiyo huitwa regeksi, nazo ni kongwe kuliko intaneti yenyewe.

Chimbuko lake ni utafiti wa neva. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts walieleza utendaji wa seli za neva kwa lugha ya mantiki. Mwaka 1951 mwanahisabati Stephen Kleene, akiwa katika taasisi ya RAND huko Marekani, aliandika kuhusu matukio ambayo mitandao ya seli hizo inaweza kuyatambua. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1956. Alama ya nyota, yenye maana ya kurudia mara sifuri au zaidi, ni urithi wake. Mwaka 1968 Ken Thompson alichapisha mbinu ya kugeuza ruwaza hizo kuwa programu ya kutafutia maneno. Zikaingia katika vihariri QED na ed, kisha katika grep ya Unix, na kupitia Unix zikawa zana ya kila siku ya mafundi wa kompyuta.

Wakati huo mitandao ilikuwa bado haina orodha ya kupimwa. Itifaki ya EGP ya miaka ya 1980 ilichukulia kwamba mitandao yote imepangwa kama mti wenye shina moja, na haikueleza tangazo limetoka wapi hadi wapi. Januari 1989, kwenye mkutano wa wahandisi wa intaneti mjini Austin, Texas, Yakov Rekhter wa IBM na Kirk Lougheed wa Cisco walichora rasimu ya itifaki mpya kwenye karatasi za kufutia mikono wakati wa chakula cha mchana. Itifaki hiyo, BGP, ilichapishwa Juni mwaka huo kama waraka RFC 1105. Orodha ya nambari iliwekwa ili kuzuia mzunguko: mtandao unaoikuta nambari yake ndani ya tangazo hulitupa. Manufaa yake makubwa zaidi yalionekana baadaye, kwa kuwa orodha ileile ilimwezesha fundi kuamua ni nani wa kupokelewa na nani wa kukataliwa.

Uamuzi huo ukawa wa lazima Aprili 1995, NSFNET, uti wa mgongo uliogharamiwa na serikali ya Marekani, ulipofungwa na nafasi yake kushikwa na kampuni za biashara. Tangu hapo kila mtandao ulilazimika kulinda mpaka wake wenyewe. Ruta za Cisco ziliwapa mafundi orodha za vichujio zilizoandikwa kwa regeksi. Ruwaza "^$", yaani mwanzo na mwisho bila kitu katikati, hulingana na njia zilizozaliwa ndani ya mtandao husika tu. Kwa alama hizo mbili, mtandao mdogo uliounganishwa na watoa huduma wawili hujikinga usigeuzwe kuwa daraja la kupitishia mizigo ya wakubwa hao.

Kwa nambari kamili ilihitajika alama moja zaidi. Fundi aliyeandika 701, nambari ya UUNET, angenasa pia 7018, nambari ya AT&T, kwa kuwa regeksi husoma herufi wala haijui nambari inaanzia au kuishia wapi. Ndiyo maana mstari wa chini ulipewa maana maalumu: nafasi, mwanzo, mwisho au kitenganishi chochote. "_701_" ni UUNET pekee. Juniper walichagua njia tofauti, wakaifanya nambari nzima kuwa kipande kimoja cha ruwaza. Huo ni uamuzi safi zaidi, ingawa aliyezoea mtindo wa kwanza hulazimika kujifunza upya.

Upungufu wa zana hii ulionekana tarehe 25 Aprili 1997. Ruta moja ya mtandao nambari 7007 ilikatakata njia ilizopokea kuwa vipande vidogo, ikavitangaza kana kwamba ni vyake, na orodha za asili zikapotea. Vipande vidogo hushinda vikubwa, hivyo mizigo mingi ya intaneti ikavutwa kuelekea kwenye mtandao huo. Kichujio cha regeksi kingeona orodha fupi isiyo na dosari. Regeksi hupima yaliyoandikwa. Ukweli wake haiwezi kuuthibitisha, na kwa sababu hiyo vichujio vya anwani vinahitajika pia.

Mwaka 2007 nambari zilipanuliwa kutoka biti 16 hadi 32. Baadhi walipendekeza kuziandika kwa nukta, 65536 ikawa 1.0. Lakini katika regeksi nukta ni herufi yoyote: "_1.10_" ingeikubali 1310 pia. Desemba 2008 RFC 5396 ilichagua nambari nzima isiyo na nukta, uamuzi uliowaepusha mafundi na makosa mengi.

Tarehe 24 Juni 2019 mtandao 396531, mali ya kampuni ya chuma huko Pennsylvania, ulipokea njia kutoka kwa mtoa huduma wake mmoja na kuzipeleka kwa mwingine, Verizon, ambayo ilizipokea. Tovuti nyingi zinazohudumiwa na Cloudflare zikaathirika. Orodha zilisomeka 396531 33154 3356 13335. Hakuna sababu ya mteja mdogo kuuza njia za 3356, mtandao mkubwa wa Level 3; kukataa "_3356_" kutoka kwake kungetosha kuzuia njia hizo. Mbinu hiyo, iitwayo Peerlock, ilikuwa tayari ikitumiwa na kampuni ya NTT.

Mei 2022 RFC 9234 iliweka namna ya majirani kutamka uhusiano wao ndani ya BGP yenyewe, ili uvujaji wa njia kama huo ugunduliwe bila regeksi. Kuhakiki uhusiano huo kunahitaji ruta za pande zote mbili ziitambue mbinu hiyo, na mitandao isiyofikia hapo bado inategemea vichujio vya ruwaza.