Uyoga wa Kichuguu na Elimu ya Wachumaji

Mvua za kwanza zinyeshapo katika misitu ya miombo, uyoga mkubwa huchomoza penye vichuguu. Mwaka 1942 mtaalamu wa Kifaransa, Roger Heim, aliutungia jina la kisayansi: Termitomyces. Akina mama wachumaji hawakulingoja jina hilo. Walikwisha kuujua uyoga huo kwa majira yake, kwa mahali uotapo, na kwa shina lake literemkalo ardhini mithili ya mzizi mrefu hata katika makao ya mchwa.

Huko chini pana shamba. Mchwa hula miti na majani makavu, kisha choo chao hukijenga kuwa masega. Kuvu huota humo na kulainisha yale ambayo matumbo yao hayakuweza kumeng'enya, nao huyala masega hayo tena. Kilimo hicho, ambacho chakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 30 hivi, kilianza papa hapa Afrika, kabla binadamu hajashika jembe! Kofia ya uyoga nayo ina ncha ngumu ya kutobolea udongo.

Binadamu bado hajafaulu kuulima kwa biashara pasipo mchwa. Kwa hiyo msitu ukatwapo kwa ajili ya mkaa, na vichuguu vikasawazishwa, chakula hupotea pamoja na majina yake. Mwanafunzi atakaye kuuchunguza asibomoe kichuguu; afukue taratibu kando ya shina moja, kisha amwulize bibi yake jina la uyoga huo kwa lugha ya nyumbani, aliandike.