Vitabu vya Historia Vilivyoandikwa na Watu Wetu

Mara nyingi watu huulizana ni vitabu gani vifaavyo kununuliwa na mtu mwenye fedha kidogo na nafasi chache. Wengine husifu vitabu vya hadithi, na kweli ni vizuri. Wengine husifu vitabu vya ibada, navyo havina haja ya kusifiwa na mimi. Leo napenda kuwaeleza habari za vitabu vya namna nyingine, yaani vile vya historia ya nchi hizi vilivyoandikwa na wenyeji wenyewe, wakati walipokuwa bado hai wale walioyaona mambo kwa macho yao. Nimevichagua hivyo kwa sababu watoto tunaowafundisha hapa Tabata, na bila shaka hata huko kwenu mashamba, hukua wakidhani ya kuwa habari zetu za kale ziliandikwa na Wazungu peke yao, na ya kuwa babu zetu walikuwa na midomo tu, kalamu hawakuwa nayo. Neno hilo si kweli, tena lina madhara, maana mtoto asemaye hivyo leo hataona haja ya kuandika kitu kesho.

Nianze na kile nikipendacho kuliko vyote, nacho ni Habari za Wakilindi. Mtungaji wake ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, mtu wa pwani, aliyekaa Usambara na kuwajua wakubwa wa ukoo ule. Kilipigwa chapa na misioni ya U.M.C.A. huko Magila, sehemu baada ya sehemu, kati ya mwaka 1895 na 1907. Litazameni jambo hilo kidogo. Mtungaji alikuwa Mwislamu, mtambo wa chapa ulikuwa wa Wakristo, na habari zenyewe zaanza na mwindaji asiyekuwa wa dini hii wala ile. Walakini kitabu kilitoka, na kama kisingalitoka, tungalipoteza mengi. Basi Mkristo akiona haya kusoma kitabu kwa sababu ya jina la mwandishi wake, na akumbuke Magila.

Habari yenyewe ndiyo hii. Mbegha wa Ngulu alipokuwa mtoto aliota meno ya juu kwanza, na mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa wa nuksi. Jamaa zake wakamnyima urithi. Akatoka kwao na mbwa wake, akawa mtu wa porini, mwindaji wa nguruwe. Alipofika katika milima ya Usambara aliwagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashamba, akawaamulia mashauri yao, akaua simba, na mwisho wakampa utawala, akakaa Vugha. Hivyo mtu aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya meno yake akawa babu wa wafalme. Wataalamu wa siku hizi hubishana juu ya habari hizo, ni kiasi gani ni historia na kiasi gani ni ngano, lakini hawawezi kuziacha, maana hakuna kitabu kingine kilicho karibu na mambo kama hiki.

Sehemu za baadaye zaeleza habari za Kimweri ye Nyumbai, yule aliyetembelewa na Krapf mwaka 1848, na jinsi nchi ilivyochafuka baada ya kufa kwake mwaka 1862, Semboja wa Mazinde akigombana na jamaa zake, na watu wakauzwa utumwani kwa sababu ya magomvi ya wakubwa. Hapo kitabu si kitamu kama mwanzo. Majina ni mengi, na msomaji hupotea. Nashauri mtu achukue karatasi, aandike nani alimzaa nani, ndipo aendelee. Kilipigwa chapa tena mwaka 1962 na East African Literature Bureau, na nakala hizo ndizo zipatikanazo kwa urahisi kidogo.

Kitabu cha pili ni Desturi za Wasuaheli, kilichotoka Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Jina lililo juu ya jalada ni la Carl Velten, aliyekusanya, lakini mwandishi mkubwa wa habari zile ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo. Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akaoa huko, akafa huko mwaka 1927. Ameandika juu ya kuzaliwa na kuzikwa, ngoma, safari za bara, na watumwa, hata akaeleza tofauti ya mzalia na mjinga, yaani aliyezaliwa katika nyumba ya bwana wake na aliyeletwa karibuni kutoka bara. Velten huyo huyo alitoa mwaka 1901 kitabu cha Safari za Wasuaheli, na ndani yake mna safari ya Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896. Nimewasomea wanafunzi habari za baridi ile, wakacheka sana. Walikuwa hawajapata kusikia Siberia ikielezwa na mtu wa visiwa vyetu.

Sasa nafika kwenye vitabu viwili nitakavyo visomwe pamoja, tena visomwe kwa moyo wa utulivu.

Hapa Tabata pana mahali paitwapo Relini, kwa sababu ya ile njia ya gari la moshi itokayo mjini kwenda bara. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya reli, safari za Unyanyembe na Ujiji zilikwenda kwa miguu, na watu waliopita katika njia zile walikuwa wa namna mbili: waliokwenda kwa hiari yao, na waliofungwa. Kila namna imetuachia kitabu.

Cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Huyu alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837, akafa kule kule mwaka 1905. Aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akayatia katika herufi za Kizungu, yakatoka Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni kitabu cha mtu mwenye akili nyingi. Asimulia vita yake na Nsama wa Itabwa mwaka 1867, mtu aliyeogopwa na wafanya biashara wote. Na Livingstone alikutana naye baada ya vita hiyo. Asimulia jinsi alivyojifanya jamaa ya Kasongo Rushie, kwa kusema ya kuwa bibi yake alitoka katika nchi ile, hata mzee yule akamwachia utawala bila bunduki kulia. Asimulia safari aliyomsindikiza Stanley mwaka 1876, akilalamika ya kuwa hakulipwa kama alivyoahidiwa. Na kwa kuwa Stanley naye aliandika yake, msomaji aweza kuwasikiliza wote wawili kama mzee barazani.

Walakini someni kwa kuangalia. Pembe za ndovu huhesabiwa frasila kwa frasila, na kila frasila ni kama ratili 35. Watu waliotekwa nao hutajwa kwa hesabu, mara chache sana kwa majina. Mwandishi hajifichi wala hatubu. Aandika kama mtu afungaye daftari ya duka lake. Hilo ndilo linalotisha, kuliko kama angalijisifu kwa ukatili. Tena tusisahau pembe zile zilikwenda wapi. Zilikwenda Ulaya na Marekani, zikafanywa vibao vya piano na mipira ya biliadi, na nguo zilizozinunua zilikuwa merikani, jina lake lenyewe lasema zilikotoka. Basi mikono iliyoshika biashara ile haikuwa ya Waarabu peke yao, wala ya Wazungu peke yao, na machifu wetu waliouza watu nao walikuwamo.

Kitabu cha pili ni Uhuru wa Watumwa, cha James Mbotela, kilichotolewa na Sheldon Press, London, mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyewekwa huru. Baba yake alitekwa upande wa ziwa Nyasa, akapelekwa pwani, akatiwa jahazini. Manowari ya Waingereza ikalikamata jahazi, na waliookolewa wakapelekwa Frere Town, karibu na Mombasa, mji uliojengwa na misioni ya C.M.S. yapata mwaka 1875 kwa ajili ya watu kama hao. Jina la mji ni la Sir Bartle Frere, aliyekuja Unguja mwaka 1873 kwa ajili ya mapatano ya kuyafunga masoko ya watumwa. Hata leo mahali pa kengele ya mji ule huitwa Kengeleni.

Wasomi wengine hukidharau kitabu hiki, wakisema chawasifu Waingereza kupita kiasi. Ni kweli, chawasifu sana, na mimi hunichosha mahali pengine. Lakini nauliza, mtoto ambaye baba yake alitolewa katika chini ya jahazi, tulitaka amsifu nani? Sifa zake ni deni alilolilipa. Kosa ni la msomaji atakayekomea hapo, asijue ya kuwa masoko yalifungwa Unguja mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa katika sheria za Unguja mpaka 1897, pwani ya Kenya mpaka 1907, na katika Tanganyika mpaka 1922, chini ya Waingereza wale wale. Mwalimu na aandike miaka hiyo ubaoni kando ya kitabu. Zaidi ya hayo, Mbotela ana kitu ambacho Tippu Tip hana. Wale waliotajwa kwa hesabu katika kitabu kimoja, katika kingine wanasema.

Najua ya kuwa habari hii ni nzito katika vijiji vyetu. Katika mtaa mmoja huishi mjukuu wa aliyeuzwa na mjukuu wa aliyeuza, nao hukutana kisimani, msibani na kanisani. Wazee wengi wameona afadhali kunyamaza. Mimi siwalaumu, maana walitaka watoto waoane kwa amani. Lakini ukimya huo umefanya vijana waokote habari za utumwa kwa watu wenye fitina, watakao kuwagombanisha Waislamu na Wakristo. Kijana akivisoma vitabu hivi viwili, sidhani kwamba atadanganyika upesi.

Viko vingine nitakavyovitaja kwa haraka. Samuel Sehoza aliandika Mwaka katika Minyororo, kilichotoka mwaka 1921, juu ya taabu walizopata watu wa U.M.C.A. waliofungwa na Wajerumani katika vita ya 1914 hadi 1918, wakidhaniwa kuwa wapelelezi wa Waingereza. Ni kitabu kidogo, na kila mwalimu angefaa kukijua. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi juu ya shauri la kuunganisha nchi za Afrika Mashariki, akaandika Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, cha mwaka 1932. Shaaban Robert, aliyepata masomo yake katika shule ya Msimbazi hapa Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, wamjua wote kwa mashairi. Lakini akina mama na wasome Wasifu wa Siti binti Saad, wa mwaka 1958, juu ya mwanamke maskini wa Fumba aliyekuwa mwimbaji mashuhuri wa Unguja.

Kuvipata si rahisi, sikufichi msomaji. Vingi havimo madukani. Atakayefika mjini na aende Maktaba Kuu, iliyofunguliwa mwaka 1967, aulize kwa jina la kitabu na la mtungaji. Waliomo vijijini na watafute katika makabati ya walimu wa zamani na mapadre wazee, maana huko nakala hukaa zikiliwa na mchwa na hakuna azijuaye. Ukiikuta moja, usiiazime kwa mtu asiyerudisha.

Cha mwisho ni cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufundishwa na mapadre. Aliandika kwa Kikerewe habari za maisha ya watu wake kabla ya Wazungu kuja, akamaliza mwaka 1945. Asipate mtu wa kukichapa. Akiwa mzee, akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Miaka 35 ilikuwa imepita. Kitereza akafa mwaka 1981. Chasimulia habari za mume na mke waliokosa mtoto, na jinsi ukoo ulivyotaka kuwatenga, nao wakakataa kuachana. Kila kitu kimo, kilimo, uvuvi, dawa, salamu, mazishi, kwa urefu mkubwa, hata wengine huchoka. Kimo katika sehemu mbili. Asiye na nafasi na aanze na ile ya kwanza, pale Myombekere anapokwenda kwa wakwe zake kumtaka mkewe aliyechukuliwa, naye akatozwa pombe ya ndizi kabla ya kurudishiwa.